Kipande cha Kingori

Benchi la Wamagana liko mbele ya duka la mbolea. Wazee wake wanapanda kahawa na kunywa chai, na ukiwauliza sababu watakuona huna adabu. Jumanne hiyo chai ilipoa vikombeni kwa sababu ya barua. Mzee Ngatia, miaka sabini na saba, alikuwa ameitafuta kwa miaka mitatu. Alitaka kujua alikolala baba yake mdogo, yule askari kijana Ngatia ambaye alirithi jina lake, aliyeenda vita vya Hitler asirudi.

— Soma tena, akasema Kanali, ambaye cheo alikipatia kwenye geti ya shule alikokuwa bawabu.

— Inasema, Ngatia akasoma, "Kingori mwana wa Gicheru. Alifia kambi ya mateka, Italia, 1943."

— Kingori si ni babako?

— Ndiye.

— Na tulimzika hapa! Mimi nilibeba sanduku, bega iliuma wiki mzima.

— Chifu alileta karatasi kama hiyo wakati wa vita, Ngatia akasema. Alipata baba akipalilia mahindi. Wakacheka, wakasema serikali imekosea. Cucu, mama yao, akaendelea kungojea Ngatia wake mpaka akafa.

Hansard, ambaye hajawahi kukosa maoni, akakohoa.

— Mimi naona hivi. Huyo kijana hakukufa. Aliuzia maiti jina, akaoa Mwitaliano. Saa hii uko na mabinamu wanapika tambi.

— Ati tambi! Kanali akaruka. Sikiza, Kingori ndiye alikufa huko. Huyu tulizika ni Ngatia, alirudi akajifanya kakake!

Wakacheka. Ngatia naye alicheka, kisha akaitazama barua tena.

— Baba alikuwa anasema kipande yake ilipotea mwaka huo, akasema polepole. Na chifu alikuwa ameandika jina yake aende vita.

Kipande, kile kitambulisho cha mkoloni cha kuning'iniza shingoni, hakikuwa na picha. Aliyekivaa ndiye aliyekuwa mwenyewe.

— Kwa hivyo mdogo alienda na ya mkubwa, Hansard akasema. Aliiba.

— Ama alipewa, akasema Ngatia. Hiyo ndiyo inanimaliza. Kama baba alijua, mbona aliacha mamake angoje?

Mwalimu Wacera, mgeni kutoka Wang'uru, alikuwa amesimama hapo akingoja chai yake.

— Samahani, Guka, akamwambia Ngatia kwa heshima ya babu. Wewe ni wa ngapi kwenu?

— Kifungua mimba.

— Na kijana wa kwanza si huitwa babu yake? Mbona hukuitwa Gicheru, ukapewa jina la huyo aliyepotea?

Gicheru alikuwa mdogo wake Ngatia, wa pili, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu kijijini aliyewahi kuuliza.

Ngatia aliikunja barua taratibu. Alikumbuka jioni za utotoni, babake akisimama mlangoni kumwita aje kula. Aliita mara mbili, kila siku, kwa sauti kubwa: "Ngatia! Ngatia!" Aliita akiwa ameelekea barabarani, na mtoto mwenyewe alikuwa ameketi nyuma yake, karibu na moto.