Maslahi Yasigongane

Benchi lipo nje ya duka la kinyozi, ng'ambo ya kampuni ya mikopo ya nyumba. Asubuhi hiyo kampuni ilikuwa imebandika mlangoni bango la maadili ya wafanyakazi, na Mama Kahawa alilisoma lote kabla ya kutua birika lake. Kesho yake alitakiwa kutia sahihi mkopo wa nyumba ndogo, ahame chumba cha kupanga yeye na wanawe. Lakini jana yake aliizunguka nyumba hiyo kwa nyuma, akakuta ukutani ufa unaoingia kiganja. Mthamini wa kampuni, aliyetumwa kuikagua, alikuwa ameandika kwamba ni imara. Mthamini huyo ni shemeji wa muuzaji.

— Wanasemaje hao watakatifu? aliuliza Kinyozi.

— Mfanyakazi aepuke mgongano wa maslahi, alisema Mama Kahawa.

— Ee, wagawane vizuri! Maslahi si ndiyo posho? Wakigombania bahasha mbele ya wateja, kampuni inaaibika.

— Kichwa maji wewe, alisema Dereva, aliyestaafu lori lakini hakustaafu ubishi. Wamekatazwa zawadi. Basi hapokei yeye, anapokea mkewe. Mke hayumo kwenye bango.

— Tena nasikia kwenye usaili wanakuachia bahasha mezani, wanatoka nje, alidakia Kinyozi. Usipoifungua, kazi hupati.

— Na ukiifungua?

— Unaajiriwa. Ukiifungua ukaifunga tena isijulikane, unapewa umeneja!

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mama Kahawa hakucheka.

— Na mthamini akiwa shemeji wa muuzaji, huo si mgongano?

— Mama, hapo hakuna kilichogongana, alisema Kinyozi. Hao wamekumbatiana!

Mara mlango wa kampuni ukafunguliwa, akatoka mthamini mwenyewe, beji kifuani, akavuka barabara. Kinyozi aliruka, akafuta benchi kwa taulo la wateja.

— Karibu, mkubwa! Kaa hapa, jua halifiki.

— Bango lenu zuri mno, bosi, alisema Dereva. Limetugusa kabisa.

Mama Kahawa alimpa kikombe kwa mikono miwili, macho chini.

— Samahani, baba. Ile nyumba uliyoikagua, wanao wangelala chumba cha nyuma?

Mthamini alipuliza kahawa ambayo haikuwa ya moto tena.

— Ripoti imeshakamilika, mama.

— Sikuuliza ripoti.

Mthamini alimtazama Kinyozi. Kinyozi alitazama mkasi wake. Dereva akashikwa na kikohozi.

— Basi kesho msinisubiri, alisema Mama Kahawa. Sitii sahihi.

Mthamini aliweka kikombe benchini, akavuka barabara kurudi alikotoka.

— Umeona ulivyofanya? alifoka Kinyozi. Mtu mzito kama yule! Na nilitaka kumwombea mwanangu kazi pale.

Akanyoosha kikombe chake.

— Hebu niongezee.

— Imekwisha, alisema Mama Kahawa, akalinyanyua birika kwa mikono miwili, maana lilikuwa zito.