Pale Kwenye Kisiki Pandeni Nyasi

Sogeeni wanangu, kaeni hapa kitandani wote watatu, na wewe kitinda mimba zima hiyo simu, maana mimi niliyekuwa opereta wa simu hadi nikastaafu, nikiwaunganisha watu kutwa nzima, leo nataka laini yangu moja tu isikatike.

Mwaka jana mlipoleta mashine ikasaga kile kisiki mbele ya dirisha hili niliwashukuru, kwani nilikwisha kujikwaa nacho nikaanguka. Mlisema nyasi zitarudi. Nikangoja, mvua zikaja zikapita, pale pakabaki upara, nami nimelala hapa nautazama, sina mwingine wa kutazamana naye. Nikadhani ni uvivu wenu. Kumbe juzi nikawasikia jikoni, wewe kifungua mimba wangu ukiwaambia wadogo zako, "Tusipande kitu pale, tutapahitaji kwa ajili ya mama." Sijawa kiziwi bado. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini lile shimo la kisiki sikulichimba mimi!

Msilie. Najua ni mapenzi, mnataka nilale nyumbani. Lakini nyumbani kwa nani? Nyumba hii nawaachia wote, sawa kwa sawa, na hakuna hata mmoja atakayehamia humu, kila mtu ana kwake na mji wake, msinidanganye. Mtafunga mlango, mtampa mtu ufunguo, nami nitabaki uani na kunguru. Tangu baba yenu aondoke naweka vikombe viwili mezani, najikemea, narudisha kimoja kabatini. Kufa siogopi, wanangu. Upweke ndio umenichosha.

Basi sikilizeni. Toeni kwanza yale maranda ya mashine mliyoyafukia, yote, maana nyasi zikipandwa juu ya mti unaooza hugeuka njano. Kateni mizizi iliyobaki. Jazeni udongo kidogo kidogo, ukanyageni, umwagilieni, uacheni ushuke, kisha ongezeni tena. Haba na haba hujaza kibaba. Juu wekeni samadi iliyokwisha poa, halafu ng'oeni zile nyasi zitambaazo nyuma ya jiko, mzipande kwa mistari. Fanyeni wenyewe, msimwite mtu wa bustani. Kaka mtu achimbe, mdogo wenu abebe udongo, na wewe dada yao umwage maji bila kuwasimanga. Zikishika, uzeni nyumba kwa watu wenye watoto, wapate pa kukimbilia.

Mimi nipelekeni makaburini, kando ya baba yenu. Ndiyo, najua, upande wa pili amelala wifi yangu, ambaye hatukusemezana mpaka akafa, kwa maneno aliyoyasema siku ya harusi yangu. Nimemsamehe... kidogo. Hata yeye atafaa. Kule watu hawakosekani, huyu anazika, yule anafagia, wanapita wanasalimu, hata wakimsalimu jirani nami nitasikia.

Maji kidogo... Ahsante, mwanangu.

Mungu awape nyumba zenye kelele. Awape wa kuwagongea mlango bila sababu. Msigombane juu ya vyombo vyangu, vimepasuka vyote... Shikaneni mikono niwaone. Hivyo hivyo.

Sasa nendeni mkatafute jembe, jua bado... Hapana, ngojeni. Wawili waende. Mmoja abaki, yeyote tu, wala asiseme kitu. Akae hapa.