Mzee Nzomo na Uso Uliojaa Madoa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mzee Nzomo, mpiga picha wa Ruiru, aliyezikwa Jumamosi. Alikuwa na miaka sitini na mbili. Alifariki usingizini, bila maumivu.

Wengi mnaijua studio yake. Huenda hamjui kwamba akiwa na miaka hamsini na tisa alianza kwenda Thika kusomea kompyuta. Ndiyo, hamsini na tisa. Mwalimu wake, Zahra, alikuwa mdogo kuliko Rachael, kitinda mimba wa Nzomo.

"Nilimwambia kwamba ndani ya kompyuta picha ni nambari tu," anakumbuka Zahra. "Sifuri ni nyeusi, mia mbili hamsini na tano ni nyeupe. Halafu akasema, 'Mwalimu, napiga picha miaka thelathini na hakuna mtu amewahi kuniambia hivyo.'"

Mwaka wa 1998, baada ya zile mvua kubwa, mama mmoja aitwaye Wangeci aliingia studio. Baba yake, mzee aliyekuwa ameanza kusahau, alikuwa ametoka nyumbani asubuhi moja na hakurudi. Siku mbili sasa. Picha ya pekee waliyokuwa nayo ilikuwa imenyeshewa, uso mzima madoa meupe.

"Hata mimi simtambui hapa," Wangeci alisema. "Nitamwonyesha nani?"

Nzomo hakumwahidi kitu. Aliipeleka picha Thika, Zahra akaiingiza kwenye kompyuta, na Nzomo mwenyewe akaandika programu. Kwanza aliiagiza kompyuta ichukue nambari ya kila nukta ya picha na za majirani zake wanane, iweke wastani wake mahali pake. Madoa yakafifia, lakini uso nao ukawa ukungu. Kovu la juu ya jicho likapotea. Bila lile kovu, huyo alikuwa mzee yeyote tu.

Zahra anasema Nzomo alifunga daftari, akalifungua tena. Akaandika nambari tisa, ndogo hadi kubwa, akaizungushia duara ile ya katikati.

"Doa ni nambari iliyopita kiasi," alisema. "Tukizipanga foleni, doa litaenda mwisho. Si tuchukue huyu wa katikati?"

Wakaibadilisha programu, wakaiendesha. Mstari baada ya mstari, uso ukatokea. Kovu likatokea nao.

Kesho yake Wangeci alizunguka Thika na nakala za picha ile. Huko mtaani Kiandutu, mama muuza mboga aliweka kidole juu ya kovu. "Huyu guka, huyu babu, yuko kwangu. Hajui kwao ni wapi, lakini uji anakunywa vizuri."

Wangeci aliketi palepale njiani, akalia mpaka akacheka.

"Habari zilipomfikia baba," Rachael ametuambia, "alikuja nyumbani akala ugali sahani mbili. Alikuwa hajala tangu juzi yake."

Babake Wangeci aliishi mwaka mwingine, akafia kitandani mwake, watoto wake wakiwa karibu.

Kwa mjane wake, Mama Rachael, kwa Rachael na ndugu zake, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, tufikiri kidogo. Pengine nyumbani kwenu yuko mtu mzima aliyeanza kujifunza jambo, na nyinyi mnamcheka. Leo jioni mpisheni mezani, akae asome.