Lori la Vibao Viwili

Mgeni rasmi, Mkuu wa Ofisi ya Usafirishaji. Viongozi wa meza kuu. Wazazi, majirani, na nyinyi watoto mliopanda ukutani:

KARIBU

Sisi wanachama arobaini na mmoja wa kikundi cha wakulima wa bondeni tunakukaribisha utufungulie ghala letu jipya. Utatuwia radhi ukilikuta tupu. Viazi vya kulijaza bado viko shambani, na lori la kuvileta liko uani kwako, leo siku ya ishirini na sita.

TULIKOTOKA

Lori tulilinunua kuukuu. Mavuno yetu ni wiki kumi. Wiki zilizobaki lingekaa likiota kutu. Tukaamua tulikodishe pia libebe mizigo ya watu: mchanga, matofali, vitanda vya wanaohama. Kazi hiyo ndiyo inayolivalisha matairi.

Dereva ni mwenzetu, mjane tunayemwita Shangazi Breki, kwa kuwa akimwona kuku barabarani husimama, akamsubiri amalize shughuli zake. Ni yeye aliyebuni vibao: kimoja MAZAO YETU, kingine KAZI YA KUKODI. Kila safari hutundika kinachohusika ubavuni, ili mwanachama akiliona lori lapita ajue linamfanyia nani kazi, asinung'unike.

MAFANIKIO

Tangu hapo hakuna gunia lililotuozea. Wajawazito wawili wamefikishwa hospitali na lori hilo, mmoja akiwa juu ya magunia. Hata makabati ya ofisi yako, Mgeni rasmi, mlipohamia jengo jipya, liliyabeba hilo hilo. Kibao cha KAZI YA KUKODI kilining'inia mlangoni pako mchana kutwa, na ofisa wako mmoja akatundika koti juu yake. Siku hiyo hatukusikia habari ya kosa.

CHANGAMOTO

Siku ya tukio Shangazi alipakia viazi vyetu mbele, na nafasi iliyobaki nyuma akaweka matofali ya mteja wa njia hiyo hiyo. Kazi mbili, safari moja. Basi akatundika vibao vyote viwili. Ofisa wako akamsimamisha.

"Mama, hili gari la shamba au la kukodi?"

"Soma, mwanangu. Yote mawili."

"Kibali chako ni cha shamba tu. Sasa ungekificha hicho kibao, mimi ningejuaje?"

"Hilo ndilo la kuniambia mimi, mtu mzima?"

Mzigo ukashushwa, lori likavutwa hadi uani kwako. Angekuwa mjanja kidogo tu angefika salama.

Kweli, kibali kilikuwa cha shamba. Cha kazi zote mbili tulikiomba mara tatu, tukajibiwa fomu yake haipo. Adhabu ya kosa hilo tumeikubali. Kinachotushinda ni karatasi aliyoletewa Shangazi aitie sahihi ndipo lori litoke. Imeandikwa: "Nilikusudia kudanganya."

Tuliogopa, tusikufiche. Baadhi yetu tulimfuata jikoni kwake tukamsihi asaini, yaishe. Akafuta mikono kwenye kanga, akatutazama.

"Nikisaini hapa, kesho nitamwambia mjukuu wangu aseme kweli kwa mdomo gani? Lori nalitaka kuliko nyinyi. Hilo neno siliandiki."

Tukatoka vichwa chini. Tuliona haya, na haya hiyo haijatutoka.

MAOMBI

Hatukuja kuomba huruma. Tunataka kibali kimoja cha kazi mbili. Kama fomu haipo, ichapwe. Tumeambiwa tuchague moja, shamba au kukodisha. Hatuchagui.

Tunataka pia lori litoke bila sahihi ile. Likibaki, viazi tutavibeba kichwani, na njia yetu itapita chini ya dirisha lako kila siku mpaka shamba liishe.

Karatasi yenyewe tunayo hapa. Ule mstari tumeukata kwa kalamu, na juu yake tumeandika: "Hakudanganya." Chini zimo sahihi arobaini, na waliokwenda kumsihi jikoni ndio waliotangulia. Ya Shangazi haimo wala haitakuwamo. Tunakuomba uipokee kwa mkono wako, mbele ya watu hawa wote, kabla hujagusa mkasi wa utepe.

Mungu akujalie afya, na mkono usiotetemeka unaposaini lililo haki.

Ni sisi,
Wakulima wa Bondeni, wenye lori.