Mama Pasi, Aliyeomba Akataliwe kwa Maandishi

Wasikilizaji wapendwa, hebu wekeni vyombo chini kidogo, tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Mama Pasi. Amefariki wiki hii, kitandani kwake, bila kujua mwanawe amezikwa wapi.

Alikuwa mpiga pasi. Pasi yake ya mkaa, chumba chake kimetazamana na kituo cha polisi. Sare za kituo kizima zilipita mikononi mwake.

Mwanawe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Alisimama mkutanoni akapinga soko kubomolewa. Kesho yake askari wakamchukua, miwani ya kazi bado iko kichwani. Hakuonekana tena.

Mama Pasi akavuka barabara. Mkuu wa kituo akamwambia, "Mama, huyo hatumjui."

"Shati ulilovaa nimelinyoosha mimi jana," akajibu. "Nakujua mpaka kifungo chako kilicholegea. Wewe utashindwaje kumjua mwanangu?"

Akafukuzwa. Tangu siku hiyo sare hakuzigusa.

Wakili mmoja akamweleza kwamba iko mahakama ya haki za binadamu, ya nchi nyingi, inayoweza kuihukumu serikali. Lakini ina utaratibu wake. Haikupokei mpaka ugonge kwanza milango yote ya haki nchini kwako, ikushinde, na uwe na karatasi za kuthibitisha. Basi mama wa watu akaanza kutafuta kukataliwa.

Binti yake anasimulia: "Anamwambia karani, 'Baba, kama ni hapana, niandikie hiyo hapana, na mhuri upige.' Karani anacheka, anadhani bibi kachanganyikiwa. Tukitoka anaitia karatasi kifuani, ananiambia, 'Haya mwanangu, twende tukakataliwe na kule.'"

Milango ikaisha. Kesi ikapokelewa. Miaka ikaenda, mgongo ukapinda juu ya meza ya pasi. Hatimaye majaji wa nchi za mbali wakalisoma jina la mwanawe kwa sauti. Wakasema serikali ndiyo iliyomchukua, na serikali imwonyeshe mama alipo.

Mama Pasi alisema neno moja tu: "Leo wamemjua."

Lakini, wasikilizaji wapendwa, mahakama ile haina askari wake wa kwenda kufukua. Inaamuru, kisha inangoja. Serikali ilijibu kwamba imeipokea hukumu. Mpaka leo imepokewa tu.

"Alituagiza tusimzike katikati ya kiwanja cha kaburi," anasema binti. "Tumweke pembeni, ubavuni pabaki wazi." Ndivyo alivyozikwa juzi.

Binti, wajukuu, na majirani mliomfulia alipoishiwa nguvu, poleni sana. Msiba huu ni wetu pia.

Nasi tuliobaki tujiulize, ni mlango gani tuliuona ukifungwa tukapita kimya?

Na wewe askari uliyeshika jembe siku ile ya kumfukia mwanawe, pengine unatusikia. Umestaafu sasa, una wajukuu. Sare uliyovaa alikunyooshea yeye. Binti yake anakaa chumba kile kile, mkabala na kituo. Jina lako usimtajie. Mtajie mahali tu.