Kifaru Kisicho na Mzinga

Kijiwe cha Kilometa kiko ng'ambo ya njia, mkabala na nyumba ya akina Kalala, pale malori ya mgodi wa Mutoshi yanapopunguza mwendo na vumbi jekundu linapolivunjia heshima kila shati jeupe. Benchi lenyewe ni mkanda wa mpira, ule uliokuwa ukibeba mawe ya shaba, umetandazwa juu ya mabomba mawili. Kila alasiri Kilometa, yaani Tata Amadi, dereva mstaafu wa malori, huleta birika la kahawa ya tangawizi, kwa desturi ya wazazi wake waliotoka Maniema. Kando yake huketi Dinamiti, ndiye Tata Ngeleka, aliyelipua mawe mgodini mpaka masikio yake yakabaki kama ya kuazima. Wa tatu ni Jeancy wa pikipiki, wanayemwita Antena kwa sababu hakuna habari inayompita. Siku hiyo Ntambwe, fundi wa simu, alivuka njia akiwa amekumbatia kifaru.

Kilikuwa kifaru cha kuchezea, cha kuongozwa kwa rimoti, alichokipata mjini kikiwa vipande ndani ya boksi. Alikiunga, kisha akakibadilisha. Mzinga aliung'oa. Mahali pake aliweka kibanda cha dereva alichokikata kwenye kopo la maziwa, na mbele akafunga jembe la bati lililopinda. Minyororo aliishona upya kwa spoku za baiskeli. Mnyororo wa kushoto ulikuwa na mota yake, wa kulia na yake, na kwenye rimoti vishikio viwili, kimoja kwa kila mkono. Akakipaka manjano. Sasa kilikuwa buldoza, ileile aliyoiendesha baba yake, Tata Kalala, miaka yote ya Mutoshi.

Kilibaki kitu kimoja: sauti. Tangu kupooza kulipomnyang'anya miguu na maneno, Tata Kalala alilala akiutazama ukuta. Wake kwa waume walikuja kumsalimu, wakasalimu mgongo. Ntambwe alitaka mashine iingie chumbani ikinguruma, baba asikie, ageuke. Hilo tu. Ageuke.

— Nimeweka sauti tatu, aliwaambia. Mutaniambia sauti gani njo ya kweli.

Akabonyeza. Spika ya simu ikakoroma ndani ya kopo.

— Iko nini? akauliza Dinamiti, kiganja sikioni.

— Buldoza, Tata!

— Bongo, unadanganya! Hii iko mbuzi. Ile mashini ilikuwa inalia sawa mutu mwenye kushiba bukari, analala chali. Mi nilikuwa nalipua, yee Kalala anasukuma. Nani atanifundisha?

— Weye uliisikia na nini? akacheka Kilometa. Masikio ulibaachia mu mwamba.

— Na tumbo! Buldoza unaisikia na tumbo, ndugu yangu.

Ntambwe akaligeuza kopo, akalegeza skrubu, akajaribu sauti ya pili.

— Karibu, akasema Kilometa, macho amefumba. Lakini ile ilikuwa na sauti mbili. Asubuhi, goro-goro, inakasirika. Magaribi inarudia polepole, lolololo, sababu inasikia harufu ya samaki ku nyumba.

— Mashini inasikia harufu? akauliza Antena.

— Ya Kalala, ndiyo!

Wakacheka, na kicheko chao kikashuka taratibu kama vumbi baada ya lori. Ntambwe alijiona mdogo, ameng'ang'ania waya wa uzio pamoja na watoto wa mtaa, king'ora cha kampuni kinalia, akina mama wanabandika maji jikoni, na mashine ya manjano inapanda kutoka shimoni na jua mgongoni.

— Mi sikuiona, akasema Antena, lakini sauti yake haikufa. Iko chini. Ku Kasulo, bale banachimba chini ya manyumba banaisikia. Mujomba yangu alisikia buldoza inasukuma udongo chini ya miguu yake. Alitoka mu shimo bila viatu!

— Njo utuletee ule udongo, tuuweke mu spika, akadakia Kilometa.

— Munacheka? akafoka Dinamiti. Kuku za Mutoshi zilikuwa zinataga mara mbili sababu ya ile sauti! Ilipozimwa, zikaacha. Mayai ya leo yote inatoka mu kamiyo, mu malori ya mbali!

Sauti ya tatu ikawagawa kabisa. Mmoja alisema iko nzito, mwingine nyepesi, na Antena akataka iongezwe king'ora. Ntambwe alikuwa akikaza skrubu alipofika Djamila, mpwa wa Kilometa aliyerithi usukani wake, kuchukua ufunguo wa lori. Akasimama, akasikiliza, akaiangalia ile mashine ya manjano.

— Tata Kalala alikuwa anaipenda ile mashini?

Kilometa akatazama ndani ya kikombe. Antena akatafuta kitu njiani.

— Kazi iko kazi, akasema Dinamiti, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya chini.

— Hiyo haiko jibu, Tata.

Ntambwe akaweka bisibisi chini. Baba alikuwa akirudi jioni, akioga, akila, akilala. Kuhusu mashine hakuwahi kutamka neno, na wala mwanawe hakuwahi kumuuliza.

Akaiinua buldoza, akavuka njia.

Aliiweka kwenye sakafu ya saruji, karibu na kitanda cha baba, akawasha sauti ya tatu. Chumba kikajaa mngurumo. Mgongo haukutikisika. Akajaribu ya pili. Akajaribu ya kwanza, ile ya mbuzi. Mgongo ni mgongo.

— Basi, Tata, endesha weye mwenyewe.

Akaipitisha rimoti mpaka upande wa ukuta, akaiweka chini ya mikono ya baba. Vidole vikaipapasa. Kimoja kikapata kitufe cha sauti, kikabonyeza. Kimya.

Halafu vidole gumba vikapanda juu ya vishikio viwili.

Minyororo ikazunguka. Mashine ikagonga mguu wa kitanda, ikasimama, ikagonga tena. Hapo baba akageuza kichwa ili aone njia. Akairudisha nyuma, akaielekeza mlangoni, ikapanda kizingiti, ikashuka, ikaingia uani, ikatoka getini, ikavuka njia. Haikutoa sauti ila mkwaruzo mdogo wa bati juu ya changarawe.

Ntambwe alikimbilia dirishani, hatua moja kutoka kitandani.

— Inakuya! akapiga kelele Antena. Inakuya bila shofere!

Mbele ya benchi mnyororo mmoja ukaenda mbele, mwingine nyuma, na mashine ikazunguka mahali pamoja, duara safi, jembe juu.

— Njo hiyo! Dinamiti alikuwa amesimama, kiganja sikioni. Munasikia? Sasa njo sauti yenyewe!

Ntambwe alitaka kumjibu, lakini mkono ulimshika shati kutoka nyuma, ukamsukuma pembeni. Alikuwa amemziba baba yake dirisha.