Laini Isiyojibu Salamu

Ejok!

Ejok noi. Asanteni. Mkijibu namna hiyo najua mko, naweza kuendelea. Kuna mmoja au wawili hamkujibu. Nimewaona, na si neno. Nitarudi kwenu.

Mliponiomba nisimame mbele ya kikundi hiki cha waliofiwa nilicheka, kwa sababu mimi ni mtu wa mdomo mzito. Kazi yangu ni mashine. Lakini dada aliyenitangulia amelia mbele yenu bila aibu, basi na mimi nitajaribu, msinicheke tu nikikwama.

Mke wangu aliaga mwaka jana, 2012. Tulimzika kwao Lokori, nikarudi hapa Lodwar peke yangu. Ndugu zangu, nawaambia, chumba kimoja kinaweza kuwa kikubwa sana. Leso yake ilikuwa bado kwenye msumari nyuma ya mlango. Sikuweza kuitoa na sikuweza kuitazama.

Basi nikawa najificha kazini. Natunza seva ya video ya kanisa, ile mashine inayotuma ibada kwa mtandao. Chumba chake kina feni, na msidhani ni kwa ajili yangu, ni kwa sababu seva ikishikwa na joto la Lodwar inazima. Jumapili kamera inanasa ibada, seva inaituma, na watu wanaitazama Kakuma, kwenye saiba, vile vibanda vya intaneti, na kumbi za kambi ya wakimbizi. Wako wa Sudan Kusini, wako Wakongo na Warundi. Mimi nakaa peke yangu nyuma ya ukuta, naona orodha ya laini zao kwenye skrini. Sioni uso hata mmoja.

Seva yetu ni ndogo, inabeba watazamaji wachache kwa mara moja. Halafu ina ujinga wake. Jenereta ikizimika Kakuma na mtu akaenda zake, seva haijui ameenda. Inaendelea kummwagia video, kama mfereji ulioachwa wazi. Laini za namna hiyo tulikuwa tunaziita laini hewa. Zikijaa, mtu anayekuja kweli kutazama anakuta skrini nyeusi. Kazi yangu ilikuwa kuzitafuta na kuzikata.

Sasa nitajuaje nani yuko? Tulitumia salamu yetu ya Kiturkana. Mhubiri akianza anasema, "Ejok!" na watazamaji wanaandika jibu kwenye kisanduku chini ya video. Anayejibu, yuko. Asiyejibu, nakata. Hakuna aliyetufundisha hivyo, tuliona tu ndiyo njia ya watu wa huku. Nani anasalimiwa akanyamaza?

Mimi. Mimi ndiye nilikuwa nanyamaza.

Asubuhi mama jirani yangu alikuwa anakuja na chai ya maziwa. "Ejok? Baba, uko?" Mimi ndani kimya, nashika pumzi kama mwizi, mpaka nisikie viatu vyake vikienda. Chupa ya chai anaiacha mlangoni, baadaye naiingiza ndani, siirudishi. Kesho yake anakuja tena na nyingine. Alivumilia sana yule mama, halafu siku moja hakuja. Wala siku iliyofuata. Nilikuwa nimetaka niachwe, si ndiyo? Niliachwa. Niliketi kitandani nikalia, mwanaume mzima, kwa sababu mtu amechoka kubisha hodi niliyokuwa sitaki kuitikia.

Wakati huo huo kazini kulikuwa na laini moja ya Kakuma inanisumbua. Mhubiri anasalimu, watazamaji wengine wanaandika, yenyewe kimya. Nakata. Baada ya muda mfupi inarudi. Nakata. Inarudi. Jumapili baada ya Jumapili. Nikasema hiyo ni kompyuta fulani imeachwa ikijiwasha yenyewe, nikawa naikata kwa hasira, hata kabla ya salamu.

Siku moja, ibada ikiwa katikati, simu ikalia.

"Kaka, miye niko mwenye saiba huku Kakuma," akasema, Mkongo. "Kuko mama moja hapa, anasema nikuulize, juu ya nini unamufukuzaka?"

"Simfukuzi mtu," nikamwambia. "Nakata laini hewa. Asiyejibu salamu hayuko."

"Lakini anajibuka!"

"Mbona sioni maandishi?"

"Hajue kuandika, kaka. Anajibuka na mdomo. Tena kwa nguvu, saiba yote inamusikia. Halafu picha inazimika, anabakia anaangalia."

Akaniambia yule mama ni wa Sudan Kusini, na binti yake anasoma hapa Lodwar, anaimba kwaya, ndiye yule wa kitambaa cha njano. Mama hawezi kutoka kambini bila kibali, na kibali hapewi. Kwa hiyo anakuja saiba kumwona mtoto wake akiimba. Na mimi nilikuwa namzimia kabla kwaya haijasimama.

Nikasikia simu inanyang'anywa. Sauti ya mama mtu mzima, kama anaita mtu wa ng'ambo ya lagga, ule mto mkavu: "Ana fi hini! Ana fi hini!"

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema, yeye iko hapa."

Ndugu zangu, maneno yale yalinikuta mahali pabaya. Huyu hana njia ya kujibu na anapiga kelele yuko. Mimi nina njia zote, na nimenyamaza nyuma ya mlango.

Nikamfungulia laini yake. Nikamwambia mwenye saiba, siku nyingine mama akisalimiwa abonyeze kitufe chochote. Jumapili iliyofuata mhubiri akasema, "Ejok!" na kwenye kisanduku yakatokea maherufi yasiyo na mbele wala nyuma, mstari mzima. Alikuwa ameweka kiganja chote kwenye kibodi. Nilicheka peke yangu mle chumbani, mara ya kwanza tangu Lokori.

Jioni ile ile nikaenda kwa mama jirani. Nikabisha. Kimya, na taa inawaka. Nikasema, "Ejok? Mama, ni mimi. Niko." Alinisimamisha pale nje muda wa kutosha, nadhani alitaka nionje nilivyomfanyia. Halafu akajibu kutoka ndani, "Ejok noi. Chupa zangu umeleta?"

Nilikuwa nazo zote.

Namshukuru huyo mama, yuko hapa leo, anajifanya haniangalii. Ndiye aliyenileta kwenye kikundi hiki. Namshukuru mwenye saiba aliyepiga simu, na mama wa Kakuma, ambaye sijamwona uso mpaka leo. Siku hizi sikati laini kabla ya kupiga simu kuuliza. Na ninyi msiharakishe kumkata mtu kwa sababu amenyamaza.

Na wewe uliyeketi pale nyuma karibu na mlango. Nilipoanza nilisalimu, hukujibu. Si lazima ujibu leo. Chai ikija, nitakuletea hapo hapo ulipo.